Injini ya turbo inapomisi, uliza kwanza inamisi lini

Kila Desemba barabara ya kutoka Nairobi kwenda Mombasa hujaa Subaru. Impreza, Forester, Legacy. Nyingi zina turbo, na nyingi zimeshapita mikononi mwa fundi wa kuongeza nguvu. Safari ni ya kilomita 480 hivi, na ndani yake gari huteremka zaidi ya mita 1,600 kutoka nyanda za juu hadi ufukweni. Huko chini, gari ambalo mwaka mzima halikuwa na neno huanza kukohoa. Likitembezwa taratibu mjini halina tatizo. Likikanyagwa mafuta kwa nguvu kwenye gia ya tatu au ya nne, busti ikipanda, linashtuka, linasita, linavuta tena, linasita tena. Mwenye gari humlaumu aliyemuuzia petroli njiani, na mara nyingi anamwonea. Kilichobadilika ni hewa.

Nairobi hewa hutukandamiza kwa kilopaskali 82 hivi. Mombasa ni 101. Kompyuta ya kiwandani ina sensa ya kupima hewa ya nje na inaweza kuirekebisha busti ipasavyo, lakini gari lililofungwa kidhibiti cha busti cha kuzungusha kwa mkono halina akili hiyo. Springi ya westigeti hupima shinikizo la turbo dhidi ya hewa ya mahali gari lilipo. Ukiitega iachie kwenye baa 1, itaachia kwenye baa 1 juu ya hewa hiyo, popote uendapo. Jumlisha: silinda iliyokuwa ikijazwa kwa baa 1.82 Nairobi, Mombasa inajazwa kwa baa 2.01. Ni nyongeza ya asilimia 10 bila mtu kugusa spana. Joto la Pwani huifanya hewa iwe nyepesi kidogo na kupunguza sehemu ya nyongeza hiyo, lakini haliifuti. Cheche iliyokuwa ikiruka kwa taabu kule juu, huku chini hairuki.

Nimeanza na mfano huu kwa sababu unaonyesha kitu ambacho gereji zetu nyingi hukiruka. Gari likiletwa linamisi, swali la kwanza huwa ni silinda gani. Mashine ya kusomea makosa huchomekwa chini ya usukani, inatoa P0302 au P0304, na kazi ya kufungua bolti huanza papo hapo. Namba hizo zinasema silinda ya pili au ya nne imekosa kuunguza mafuta. Hazisemi kwa nini. Anayejua kwa nini ni dereva, ingawa mwenyewe huenda hatambui kwamba anajua, maana ni yeye aliyekuwa ndani kosa lilipotokea. Linamisi likiwa baridi asubuhi, au likishapata moto? Likiwa sailensa, au likivuta mlima? Busti ikiwa imejaa katikati ya mizunguko, au mwisho kabisa karibu na mstari mwekundu? Kila jibu linafunga milango kadhaa na kuacha michache wazi. Kwenye injini iliyoongezwa nguvu, swali la lini lina thamani kuliko mashine yoyote iliyopo gereji.

Sababu yake iko ndani ya silinda. Cheche ni umeme unaolazimishwa kuruka kutoka ncha moja ya plagi hadi nyingine, na hewa iliyobanwa ni kizuizi kigumu kwa umeme. Kadiri hewa inavyobanwa zaidi, na kadiri nafasi kati ya ncha inavyokuwa kubwa zaidi, ndivyo volti zinazohitajika kuvuka zinavyopanda. Koili hupokea volti 12 au 14 za gari na kuzigeuza kuwa makumi ya maelfu, lakini ina ukomo. Mtengenezaji alipoichagua alijua busti yake mwenyewe na akaacha akiba kidogo juu yake. Fundi anapoongeza busti kutoka baa 0.8 hadi 1.3, anakula akiba ile. Siku za kwanza, plagi zikiwa mpya, mwenye gari hatahisi kitu. Baada ya miezi ncha zinaliwa, nafasi inatanuka kwa sehemu ndogo ya milimita, na siku moja mahitaji yanazidi uwezo.

Tena koili haina muda. Kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, kila silinda ya injini ya mipigo minne inahitaji cheche mara 50 kwa sekunde. Injini yenye silinda nne inahitaji 200. Kila koili inayokaa juu ya plagi yake ina milisekunde 20 tu za kujaza nguvu, kuimwaga na kuanza upya. Altaneta ikichoka, volti zikashuka kutoka 14 hadi 12, koili ile ile inajaza pungufu na cheche inanyong'onyea. Ndiyo maana multimita ni chombo cha kwanza kuitwa hata pale ambapo kila mtu anazungumzia turbo. Waya wa ethi uliooza umewahi kuuza koili nyingi zisizo na hatia.

Kwamba ninazungumzia Subaru si bahati. Colin McRae aliposhinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa na Impreza, na Richard Burns akarudia mwaka 2000 na gari la kampuni hiyo hiyo, Kenya nzima ilikuwa ikitazama. Injini ya EJ20, lita 2 yenye silinda zinazolala mbili kila upande, ilizaliwa mwaka 1989 na ikaendelea kufungwa kwenye magari mapya ya Japani hadi 2019. Vizazi vitatu vya vijana wa Nairobi, Arusha, Kampala na Dar es Salaam wamejifunza turbo kwa injini hiyo. Magari yenyewe huja yakiwa yametumika. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka 8. Nchi nyingine za jirani huingiza hata yaliyo makubwa zaidi kiumri. Gari linateremka melini likiwa na koili zilizokaa juu ya kichwa cha injini chenye joto kwa karibu muongo mzima, halafu ndani ya wiki mbili linapelekwa kuongezewa busti. Plagi hazikuguswa kwa sababu kuzifikia ni kazi: kwenye injini inayolala hutazama ubavuni mwa bonati, na fundi hana budi kuondoa betri, boksi la filta ya hewa na tangi la maji ya kioo ndipo aingize mkono. Kazi ya nusu siku huahirishwa kwa urahisi.

Kuna pia suala la petroli ambayo ramani ya kompyuta iliandikiwa. Viwango vya Japani vinataka petroli ya daraja la juu iwe na okteni isiyopungua 96, na vituo vyao kwa kawaida huuza iliyo juu ya hapo. Ramani ya gari la Kijapani la nguvu iliandikwa ikitegemea hiyo. Hapa kwetu petroli ya kawaida iko chini, na iliyochanganywa na mafuta ya taa iko chini zaidi. Ndiyo sababu mwaka 2018 Kenya iliweka tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuvunja biashara ya uchakachuaji. Lakini okteni ndogo haileti misi moja kwa moja. Huleta mchanganyiko kulipuka wenyewe kabla ya wakati, kompyuta ikasikia kwa sensa yake na kuchelewesha cheche, na gari likawa zito. Misi huja baadaye, na ikija kwa njia hiyo huwa imeshavunja kitu. Nitairudia.

Chukua kwanza misi iliyo ya kawaida kuliko zote: ile ya busti, katikati ya mizunguko, kati ya 3,000 na 4,500 hivi. Hapo ndipo torki huwa juu kabisa, maana yake hapo ndipo silinda inajazwa kuliko wakati mwingine wowote. Watu hudhani hatari kubwa ya cheche iko kwenye mstari mwekundu. Sivyo: injini ikipita kilele cha torki, kila mpigo unaingiza hewa pungufu kidogo, na cheche inapata nafuu. Kwa hiyo gari linalosita kwenye 3,800 kisha likafunguka na kuvuta safi hadi 6,500 limekwisha kujieleza. Limeishiwa cheche pale mzigo ulipokuwa mkubwa.

Kuthibitisha hakugharimu kitu. Punguza busti hadi kiwango cha springi pekee, nenda barabara ile ile, gia ile ile. Misi ikitoweka, umepata njia. Kisha toa plagi zote nne na uzipange mezani kwa mpangilio wa silinda, maana plagi iliyochanganywa na wenzake imepoteza nusu ya ushahidi. Masizi makavu meusi yanasema mafuta ni mengi. Plagi iliyolowa petroli inasema mafuta yalifika na moto haukuja. Kauri nyeupe yenye malengelenge imeona joto lisilo lake. Vidoa vidogo vinavyong'aa juu ya kauri ni aluminiamu ya pistoni yenyewe, na aliyeviona asiwashe tena injini ile kabla ya kupima kompresheni. Mstari mwembamba mweusi ubavuni mwa kauri, kama ufa uliochorwa kwa penseli, ni njia ambayo umeme umejichimbia kutorokea nje bila kufika kwenye ncha. Plagi ya namna hiyo haisafishwi, inatupwa pamoja na kiatu cha mpira cha koili iliyoikalia.

Tazama pia ndani ya shimo la plagi. Kwenye EJ kuna mpira wa kuzuia oili kuzunguka kila shimo, na mpira huo hukauka. Oili ikijaa shimoni, kiatu cha koili hulainika na kuvujisha umeme. Nimeona wenye magari wakinunua koili mbili, tatu, kila moja ikifa baada ya muda, na hakuna aliyeuliza koili ilikuwa imelowa nini ilipotolewa.

Nafasi ya plagi hupimwa kwa geji, haikadiriwi kwa jicho. Turbo ya kawaida hukaa kwenye milimita 0.7 au 0.8. Iliyoongezwa busti hushushwa hadi 0.6 au 0.65, na tofauti hiyo ndogo isiyoonekana kwa macho hutibu misi nyingi za busti bila kununua chochote. Fundi anayeirekebisha plagi ya iridiamu asiegemeze chombo kwenye ncha ya katikati. Ncha hiyo ina unene wa milimita 0.4 au 0.6 tu kulingana na mtengenezaji, na huvunjika kimya kimya. Gari lililoongezwa nguvu sana huhitaji pia plagi baridi zaidi kwa hatua moja, ile inayotoa joto haraka. Kwa NGK, namba 7 ni baridi kuliko 6. Kwa Bosch hesabu inakwenda kinyume, jambo linalowaponza wanaobadilisha chapa kwa kulinganisha namba. Nunua kwa muuzaji atakayekuwa hapo kesho. Plagi bandia zenye maboksi yanayofanana na ya halali zimejaa sokoni, na mtu aliyefunga bandia nne kwa mara moja ameharibu uchunguzi wake wote, maana sasa ana hakika kwamba "plagi ni mpya".

Plagi zikiwa nzuri, hamia kwenye koili, na hapa ndipo namba ya silinda inapofaa. Kama kosa ni P0302, chukua koili ya silinda ya 2 uipeleke ya 3, ya 3 uilete ya 2. Usiguse kitu kingine chochote. Futa kosa, endesha. Likirudi kama P0303, koili ndiyo mgonjwa. Likibaki P0302, koili imetakaswa na pesa yako imebaki mfukoni. Jaribio hili ni la dakika chache, na linashinda safari nzima ya Kirinyaga Road kule Nairobi au Gerezani kule Dar es Salaam kununua kipuri kwa kubahatisha. Nalisema kwa uchungu, maana nimeona kijana akiuza simu yake kununua koili nne wakati waya wa soketi moja ulikuwa umekatika ndani ya mpira wake.

Sasa mtego mkubwa. Magari mengi yaliyoongezwa nguvu yana geji ya kupima uwiano wa hewa na mafuta, yenye sensa iliyochomekwa kwenye ekzosi. Petroli huungua sawasawa hewa ikiwa mara 14.7 ya uzito wake. Chini ya busti fundi hulenga karibu na 11, mafuta yakiwa mengi makusudi ili kupoza. Gari linamisi, dereva anatupa jicho kwenye geji, anaona 13, 14, hata 15. Anamwita fundi: injini inakosa mafuta! Fundi anafungua ramani, anaongeza petroli. Misi inazidi. Anaongeza tena.

Geji haikudanganya, ila imesomwa vibaya. Sensa ile inahesabu oksijeni. Silinda iliyokosa cheche inasukuma nje hewa yake yote ikiwa haijatumika, na petroli yake mbichi pamoja nayo. Sensa inaona oksijeni nyingi na haiioni sawasawa petroli iliyopita bila kuungua, hivyo inasoma uhaba wa mafuta pale ambapo mafuta yalikuwa ya kutosha au hata ya kuzidi. Kila tone linaloongezwa linalowesha plagi zaidi, linaosha oili kwenye kuta za silinda, na linakwenda kuungulia ndani ya kichujio cha ekzosi hadi kinayeyuka. Taa ya injini inayomulika kwa kuwaka na kuzima inaonya juu ya jambo hilo hasa. Taa iliyotulia unaweza kufika nayo nyumbani. Inayomulika, ondoa mguu.

Kuna njia ya kutofautisha, na kila fundi wa ramani aijue. Rekodi data kwenye kompyuta ndogo wakati gari linavuta, kisha uchore mstari wa uwiano ule. Misi ya cheche huonekana kama meno: mstari umetulia kwenye 11, unaruka ghafla hadi 15, unarudi, unaruka. Uhaba halisi wa mafuta huonekana kama mteremko: 11, 11.5, 12, 12.6, ukizidi kadiri mizunguko inavyopanda. Meno ni moto. Mteremko ni pampu, filta ya mafuta, au nozeli zilizofika mwisho wa uwezo wake.

Mteremko una hesabu yake. Kwenye mizunguko 6,000 tumeona kila silinda ina milisekunde 20 kwa mzunguko mzima wa kazi. Nozeli inayohitaji kukaa wazi milisekunde 17 kati ya hizo inatumia asilimia 85 ya muda uliopo, na juu ya hapo haina pumziko. Shinikizo la mafuta nalo halina budi kupanda sambamba na busti: reli iliyowekwa baa 3 lazima isome 4 pale turbo inaposukuma baa 1, la sivyo nozeli inapulizia dhidi ya upepo. Geji ya mafuta ya kufunga kwa muda ni rahisi, na inasema mengi kuliko kusafisha nozeli bila kujua kama zilikuwa chafu.

Kinyume chake kipo pia. Subaru hupima hewa mlangoni, kwenye sensa iliyo karibu na filta, kisha kompyuta inapiga hesabu ya petroli kwa hewa hiyo. Bomba la intakula likiwa na ufa au klempu iliyolegea, hewa iliyokwisha hesabiwa inatorokea nje chini ya busti na petroli yake inabaki bila mwenzake. Mchanganyiko unazama kuelekea 10 na moto unazimika kwa kuzidiwa. Moshi mweusi nyuma ni shahidi. Vijana wanaofunga blowofu ya kupuliza nje ili wapate ile sauti ya kuachia mafuta wanajitengenezea kosa hilo hilo kwa mikono yao: kila ikipuliza, hewa iliyohesabiwa inamwagwa, na gari linashtuka au kuzima likifika kwenye mzunguko wa barabara. Suluhisho ni kuirudisha hewa hiyo ndani ya mfumo kama kiwanda kilivyofanya. Kwa ufa, ziba mdomo wa bomba, jaza hewa ya kompresa kwa kiasi, pakaza maji ya sabuni kwenye kila maungio na utazame mapovu.

Mshtuko mmoja mkali si misi kabisa. Busti ikivuka mpaka ambao kompyuta imewekewa, inakata mafuta ghafla kuiokoa injini, na dereva anahisi kama amegonga ukuta. Silinda zote hunyamaza pamoja, halafu zote hurudi pamoja. Aliyefunga kidhibiti cha mkono bila kugusa ramani hukutana nayo sana. Wapo wanaotafuta kifaa cha kuidanganya sensa ili mpaka huo usionekane. Ningewasihi waache, ukuta ule umejengwa na watu waliokwisha pasua pistoni nyingi kwenye maabara.

Kuna misi nyingine ambayo haipo. Kompyuta hutambua misi kwa kusikiliza kasi ya krenki: silinda ikikosa moto, krenki hupoteza kasi kidogo kabla ya silinda inayofuata kuichukua. Barabara ya vumbi yenye mawimbi huitikisa krenki kupitia magurudumu kwa namna inayofanana, na ndiyo maana watengenezaji wengi huamuru kompyuta inyamaze ikihisi barabara mbovu kupitia sensa za magurudumu. Ukifunga flaiwili nyepesi ya mashindano, krenki inayumba kuliko kompyuta ilivyofundishwa, na P0300, namba ya misi isiyotaja silinda, inaweza kuja injini ikiwa nzima kabisa. Na kwenye magari ya Kijapani ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 usitarajie namba hizi. Mengi hayakuandikiwa kazi ya kuhesabu misi hata kidogo. Huko fundi hurudi kwenye njia ya wazee: injini ikiwa sailensa, chomoa soketi ya koili moja baada ya nyingine. Silinda ambayo ukiichomoa injini haibadiliki, ndiyo iliyokuwa imelala. Au injini ikiwashwa baridi, elekeza kipimajoto cha mwanga kwenye kila tawi la ekzosi na utafute tawi lililochelewa kupata moto.

Misi ya asubuhi ina ukoo tofauti. Nozeli inayodondosha usiku, maji ya rejeta yanayopenya silindani kupitia gasketi ya hedi, sensa ya joto inayodanganya. Kwenye injini mpya zaidi zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kama FA20 ya turbo iliyomo kwenye Forester XT za kuanzia 2013, valvu za kuingiza hewa hazioshwi tena na petroli na hujenga masizi mgongoni. Hiyo ni makala nyingine.

Nilisema nitarudia mlipuko wa kabla ya wakati. Misi inayokaa saa zote, busti iwepo isiwepo, kwenye silinda moja ile ile, na haikusikia koili wala plagi, inataka kipimo cha kompresheni kabla ya kipuri kingine chochote. Silinda ya nne ya EJ ina sifa mbaya hapa. Kingo za pistoni zinazoshika ringi hupasuka pale mchanganyiko unapolipuka ovyo chini ya busti, na shinikizo likianza kuvuja, moto unakosa cha kuunguza kwa nguvu. Anayepima Nairobi asishtuke namba zikiwa chini ya zile za kitabu. Kitabu kiliandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Linganisha silinda kwa silinda. Tofauti ikizidi asilimia 10, jaza hewa ya kompresa kwenye silinda dhaifu pistoni ikiwa juu na valvu zimefungwa, kisha usikilize. Mlio ukitokea kwenye kinywa cha hewa, valvu ya kuingiza haifungi. Kwenye bomba la moshi, ni valvu ya kutolea. Kwenye shimo la kujazia oili, ni ringi au pistoni. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi. Utajua kilichovunjika kabla hujalegeza bolti moja ya hedi, na mwenye gari ataamua akijua anachoamua.

Kinachonisumbua zaidi ya yote ni fasheni ya milipuko. Gari linaachiwa mafuta na ekzosi inatema risasi, watu wanapiga kelele za furaha. Ramani ya namna hiyo inafanya makusudi kile ambacho misi inafanya kwa bahati mbaya: inapeleka petroli isiyoungua kwenye ekzosi iungulie huko. Turbo na valvu za kutolea hubeba joto hilo. Na mngurumo wa EJ wa asili, unaotokana na matawi ya ekzosi yasiyolingana urefu, tayari unasikika kama injini yenye mpigo uliopotea. Ukiuongezea risasi, sikio la mwenye gari halina tena namna ya kutambua silinda iliyokufa. Nimesimama karibu na magari yaliyosifiwa kwa sauti ilhali yalikuwa yakitembea na silinda tatu.

Anayepeleka gari kuongezewa nguvu aombe vitu viwili kwa maandishi: nafasi ya plagi iliyofungwa, na rekodi ya data ya mvuto kamili kwenye gia moja, ikionyesha busti, uwiano wa mafuta, muda wa cheche na volti za betri. Fundi mzuri anayo tayari. Siku misi itakapokuja, rekodi mpya inawekwa juu ya ile ya zamani, na mahali mistari miwili inapoachana ndipo uchunguzi unapoanzia. Baada ya matengenezo, rekodi ya tatu ichukuliwe kwenye barabara ile ile, gia ile ile, injini ikiwa na joto lile lile. Na kama gari linakwenda Mombasa Desemba, busti ipunguzwe Nairobi kabla ya kuondoka.